Lori Lililosukumwa kwa Upendo

Asubuhi Bupe alipoanguka, waliokuwepo ni hawa: Ambakisye mwenye lori, na Subilaga mkewe; Bupe mwenyewe, na mumewe Gwakisa; Mzee Mwakalinga, jirani wa upande wa juu; Tusekile, mwenyekiti wa akina mama wa mtindi; na Lwitiko, fundi umeme wa magari. Wote walikuwa watu wema. Hilo lisemwe mapema, kwa sababu mfano huu hauna mtu mbaya ndani yake, na ndiyo maana unachosha moyo.

Ambakisye alikuwa na lori dogo, katika kitongoji kimoja cha mlimani huko Rungwe, ambako mvua haiji kutembea, huja kuhamia. Upande ule wa mto hapakuwa na lori jingine. Liliteremka na ndizi, viazi na maparachichi kwenda sokoni Tukuyu, likapanda na chumvi, mabati, na bibi yeyote aliyekutwa njiani na mzigo kichwani. Ambakisye hakuwahi kumpita mtu mwenye mzigo. Watu walimpenda kwa hilo, na Subilaga alimpenda kwa hilo kabla hajaolewa naye, na hata katika siku alizomkasirikia sana alikuwa akilikumbuka, hasira ikapungua kidogo, halafu ikarudi.

Akina mama wa kitongoji walikuwa na kikundi cha kugandisha mtindi na kuufunga katika pakiti. Mtindi wao ulikuwa mzuri, lakini ulifika mjini umechachuka kwa joto la injini na jua la bondeni. Wakajikusanya, wakapata friji dogo la kutumia betri ya gari, la kukaa nyuma ya kiti cha dereva. Siku lilipoletwa walilipokea kwa vigelegele kama bibi harusi, na wakataka lifungwe siku hiyohiyo, kwa kuwa mtindi wa kesho ulikuwa umeshaganda. Lwitiko akaitwa. Akainama chini ya usukani na taa yake ya kupimia, akatazama nyaya, kisha akaeleza jinsi inavyopasa. Alisema friji lisichukue umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Litafutiwe waya unaopata umeme pale tu funguo inapozungushwa, na katikati iwekwe rilei, kidude kidogo kinachofanya kazi ya bawabu: funguo ikiwashwa bawabu anafungua mlango, funguo ikizimwa anaufunga. Hivyo gari likilala, friji nalo linalala. Ila rilei hakuwa nayo siku ile. Ilibidi aifuate mjini.

Ambakisye akatazama akina mama waliokuwa wakingoja na ndoo zao. Hakupenda kuwarudisha mikono mitupu. Akamwambia fundi aunganishe tu kwenye betri, kesho watafanya vizuri. Lwitiko akaunganisha. Friji lilikuwa na swichi yake ndogo ubavuni, na ilikubaliwa kwamba jioni, gari likirudi, mkono utaizima. Mkono wa nani, hakuna aliyesema. Ambakisye alidhani Tusekile huizima anapochukua makreti yake. Tusekile alidhani Ambakisye huizima anapofunga mlango. Kwa heshima waliyokuwa nayo kati yao, hakuna aliyemuuliza mwenzake, maana kuuliza kungekuwa kama kusema, wewe ni msahaulifu. Swichi ikabaki imewashwa. Usiku kucha, katika lori lililofungwa, friji likawa linapoza hewa tupu.

Asubuhi ya pili lori halikuwaka. Lilitoa mlio mmoja mdogo, kama mtu anayegonga ulimi, likanyamaza. Majirani wakatoka kusukuma, likawaka, watu wakacheka na kupeana mikono. Ikawa hivyo na siku iliyofuata, na iliyofuata. Ikasemwa kwamba betri imechoka. Ikanunuliwa betri nyingine, nayo baada ya siku chache ikaanguka vilevile, basi ikasemwa kwamba betri za siku hizi hazina uvumilivu. Subilaga alisikia maneno hayo akiwa anamnyonyesha mwanawe Ipyana, na alimhurumia yule betri kama anavyohurumiwa mtu. Alinyonywa usiku kucha na kitu kisichokua, asubuhi akaitwa mvivu.

Sasa sikilizeni jinsi watu wema walivyofanya, maana hapa ndipo Subilaga alipoanza kukosa usingizi.

Kwanza waliliondoa lori uani, pahali pake pa siku zote, wakawa wanaliegesha juu ya mteremko, ili asubuhi lisukumike kwa urahisi. Mteremko ulikuwa na ua wa michongoma wa Mzee Mwakalinga. Mzee hakungoja kuombwa. Aliufyeka ua wake mwenyewe, akang'oa na matuta mawili ya maharage, akasema maharage hayana haraka ya kwenda mjini. Kisha akaviringisha jiwe kubwa kutoka kwake, la kuzuia gurudumu, na kila jioni alikuja na mkongojo wake kuhakikisha limekaa sawa. Tusekile naye, katika mkutano wa kikundi, alipanga zamu za kusukuma, akahakikisha kwamba wenye watoto wachanga hawaitwi siku za mvua. Kwa kuwa lori tupu ni jepesi kuliko lenye mzigo, ilikubaliwa kwamba makreti ya mtindi yasipakiwe juu, bali yabebwe kichwani hadi chini ya mteremko, yangojee lori pale litakapowaka. Gwakisa alitengeneza ngazi za udongo ili akina mama wasiteleze na makreti. Subilaga mwenyewe alipika chai ya tangawizi katika sufuria kubwa la msibani, kila alfajiri, kwa ajili ya wasukumaji. Hata kanisani habari ilifika. Mhubiri alisimama akasema, tazameni kitongoji kile, jinsi wanavyosukumana katika maisha. Na watu wakaitikia, na Ambakisye akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, na Subilaga akakaza macho kwenye saruji ya sakafu ili asije akasema neno ndani ya nyumba ya ibada.

Kwa maana kilichokuwa kinasumbua ni waya mmoja, ule ambao Lwitiko alikuwa ameueleza akimsikia siku ya friji.

Alimwambia mumewe. Alimwambia akiwa anamwekea maji ya kuoga, akamwambia akiwa anamshonea kifungo, akamwambia kwa upole na akamwambia kwa ukali. Ambakisye hakuwa mtu wa kugomba. Alijibu kwamba ni kweli, kesho atamwita Lwitiko. Halafu asubuhi lilisukumwa, likawaka, na lori likiwa linanguruma mtu haoni sababu ya kuita fundi. Na jioni alirudi amechoka. Alipobanwa zaidi alijibu kwa mshangao wa kweli: mbona linawaka? Na shukrani zake zilikuwa nyingi. Alimshukuru kila msukumaji kwa jina. Alirudi na maandazi ya mjini akayagawa kuanzia kwa wazee. Hakuna aliyewahi kumwona akichukulia wema wa watu kama haki yake. Subilaga aliyaona yote hayo, na ilimchoma kujua kwamba lau mumewe angekuwa mtu asiye na shukrani, majirani wangechoka naye wiki ya kwanza, na waya ungehamishwa.

Jambo la Lwitiko lilimuudhi kuliko yote. Fundi huyu alipita pale mara nyingi asubuhi, akienda kwenye kazi zake, mfuko wa vifaa begani. Akikuta watu wanasukuma, aliuweka mfuko juu ya jiwe la Mzee Mwakalinga, akakunja mikono ya shati, akasukuma na wenzake. Lori likiwaka, alichukua mfuko wake, akanywa chai, akaaga. Kule kwao si adabu kumwonyesha mtu kasoro ya gari lake mbele ya mkewe na majirani, na fundi anayejiita mwenyewe huonekana ana njaa. Kwa hiyo alingoja kuitwa. Siku moja Subilaga, akimpa kikombe, alimuuliza hali ya mfuko, kama ni mzito. Lwitiko alitazama chini, akasema ni mzito wa kiasi.

Bupe alikuwa mke wa Gwakisa, mdogo kwa umri kuliko akina mama wote wa kikundi. Alikuwa ameshapoteza mimba, na hii aliyokuwa nayo ndiyo ya kwanza kufika hatua ya kuonekana chini ya kitenge. Tusekile alimtoa kwenye zamu tangu mwanzo. Mzee Mwakalinga alimwambia, mjukuu wangu, wewe kazi yako umeshaibeba. Lakini kila asubuhi Bupe alikuja. Mtindi wake ulikuwa ndani ya makreti kama wa wengine, naye hakuweza kukaa jikoni akisikia wenzake wanahema. Alisimama pembeni ya lori, akaweka viganja viwili kwenye bodi. Subilaga alipomkemea alisema, "Nashika tu, dada. Nisionekane nimewatupa." Na alikuwa akimwachia mwenzake yeyote mahali pakavu pa kukanyaga, yeye akasimama kwenye tope. Subilaga alilitazama tumbo lile likikua asubuhi baada ya asubuhi, na mikono ile juu ya bodi, akarudi ndani akampigia mumewe kelele kuhusu waya. Ambakisye akasema kesho, kwa hakika.

Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha tangu jioni, na mteremko wote ulikuwa utelezi. Ambakisye alizungusha funguo; mlio mmoja, basi. Akaweka gia ya pili, akakanyaga klachi. Mzee Mwakalinga akavuta jiwe lake. Watu wakainama, Lwitiko akiwa kati yao na mfuko wake umeachwa juu ya jiwe. Lori likagoma kidogo katika matope, kisha likachomoka ghafla, na Bupe aliyekuwa ameshika tu akavutwa na kile alichokishika. Alianguka kwa ubavu, tumbo likapiga chini.

Hakulia. Aliwatazama wenzake waliosimama, akasema, "Endeleeni, linakaribia kuwaka."

Wala halikuwaka. Ambakisye, asiyejua kilichotokea nyuma yake, aliachia klachi, lakini magurudumu yaliserereka kwenye tope badala ya kuzungusha injini, na lori likashuka kimyakimya hadi chini, likasimama kwenye tambarare karibu na daraja, pale ambapo makreti ya mtindi yalikuwa yamepangwa yakilingoja. Huko ndiko lilikokuwa likifika linanguruma siku zote. Sasa ilisikika mvua tu.

Gwakisa alimshika mkewe kwapani, Tusekile upande wa pili. Bupe akajaribu kutembea, kisha akakunjamana na kusema kwamba tumbo linakaza. Subilaga alimfungua kitenge kidogo, akaona damu. Haikuwa nyingi, lakini aliona. Wakambeba hadi kwenye lori, maana akili ya kila mmoja ilikuwa imeelekea hapo: kuna lori. Kituo cha afya kipo ng'ambo ya kilima cha pili, na kitongoji kina lori. Wakamketisha kwenye kiti cha mbele. Ambakisye akazungusha funguo. Mlio mmoja. Akazungusha tena.

Basi wakasukuma. Gwakisa akasukuma lori ambalo mkewe alikuwa ndani yake akivuja damu. Mzee Mwakalinga alitupa mkongojo, akaweka bega. Tusekile aliteleza, akainuka, akasukuma akiwa na tope hadi kwenye nyusi. Lwitiko alisukuma amefumba macho. Kwenye tambarare lori halina huruma. Lilisogea hatua chache, likazama. Na mlango wa mbele ukafunguka, mguu wa Bupe ukatoka nje, ukitafuta ardhi. Alikuwa anashuka ili liwe jepesi.

Subilaga alimrudisha ndani kwa nguvu. Akapanda kando yake amwekee kitu cha kuegemea. Nyuma ya kiti palikuwa na magunia yaliyokunjwa. Alipoyavuta, mkono wake uligusa kifuniko cha friji, na kifuniko kilikuwa baridi. Akakifungua. Ndani lilikuwa safi, jeupe, tupu, na ile baridi ya usiku mzima ikapanda ikampiga usoni. Akakaa hapo, mkono mmoja umeshika bega la Bupe, mwingine umeshika kifuniko.

Watu waliokuwa nje waliacha kusukuma. Ambakisye aligeuka kwenye usukani.

"Baba Ipyana," Subilaga alisema, "baridi hii ni ya nani?"

Hakupaza sauti. Ambakisye alitazama ndani ya friji kama mtu anayeonyeshwa shimo lililopo sebuleni kwake. Akamtazama Bupe. Akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza neno kesho halikutoka. Nje, Lwitiko aligeuka akatazama juu ya mteremko, kule mfuko wake ulikokuwa ukinyeshewa juu ya jiwe.

Lakini waya ukihamishwa leo hauijazi betri iliyokwisha usiku. Hilo hata Ipyana angelijua. Kwa hiyo walifanya kama walivyofanya babu zao kabla lori halijafika upande ule wa mto. Gwakisa alikata miti miwili ya mlingoti, yaani mkaratusi, wakafungua turubai la lori, wakalifunga kati ya miti, wakamlaza Bupe humo. Ambakisye alishika mti wa mbele, na hakukubali kupokewa hadi kituoni. Tusekile alivua kitenge chake cha juu akamfunika mgonjwa, yeye akatembea na gauni lililoloa. Subilaga alitembea ubavuni, amekinga jani la mgomba juu ya uso wa Bupe. Mzee Mwakalinga hakuweza kwenda nao kwa mwendo ule, lakini alibaki akabeba makreti ya mtindi moja moja hadi kwenye kibaraza chake, yasije yakapigwa na jua likitoka. Mikono ilikuwa ileile ya kila asubuhi. Njiani Subilaga aliitazama ile mikono, yenye tope na michubuko, ikishikilia turubai, na moyo wake ulijaa upendo na kujaa hasira, vyote kwa pamoja, hata hakujua machozi yale yalikuwa ya kipi. Nguvu yote hii ilikuwepo. Huruma yote hii ilikuwepo. Na kilichotakiwa kilikuwa ni mtu mmoja kuinama chini ya usukani.

Kituoni muuguzi alimlaza Bupe, akaweka kipimo cha mti, kile cha kusikilizia moyo wa mtoto, juu ya tumbo, akaweka sikio. Akasikiliza mahali pamoja, akahamisha, akasikiliza pengine. Gwakisa alikuwa ameshika ukingo wa kitanda. Muuguzi alihamisha tena, akatulia, akafumba macho.

"Yupo," akasema.

Kisha akaeleza kwamba mama atalala hapo kitandani hadi damu ikome, na ikikoma atalala nyumbani, na asibebe hata ndoo, na asisukume kitu chochote. Aliposema neno kusukuma, watu watano walitazama sakafu.

Wakati wa kurudi, Ambakisye na Lwitiko walitangulia. Njiani Ambakisye aliuliza kazi ile, kama ingefanywa, ingechukua muda gani. Lwitiko akasema ni muda wa sufuria la chai kuchemka. Ambakisye akauliza kuhusu rilei, kama itabidi kuifuata mjini. Fundi aliongeza mwendo hadi kwenye jiwe. Akafungua mfuko wake uliolowa, akaingiza mkono chini kabisa, chini ya koleo na bisibisi, akatoa kidude kimefungwa kwenye karatasi ya nailoni. Alikinunua wiki ileile friji lilipofungwa. Tangu siku hiyo alikuwa akitembea nacho, akakiweka juu ya jiwe kila alipokuja kusukuma, akingoja aitwe.

Ambakisye hakumlaumu, angeanzia wapi? Walikaa wote wawili juu ya jiwe, mvua ikiwa imeanza kukatika, kila mmoja akimwomba mwenzake msamaha kwa sauti ya chini, hadi Subilaga alipofika akawaambia msamaha utaombwa jioni, sasa hivi wateremke kwenye lori. Wakateremka. Lwitiko alichomoa waya kutoka kwenye betri. Alitafuta ule unaoamka na funguo, akaupata karibu na boksi la fyuzi, akafunga rilei, akakaza, akafunika. Betri yenyewe ilipelekwa mjini kujazwa umeme. Kabla fundi hajafunga kila kitu, Subilaga alikuwa ameomba aishike ile rilei. Aliiweka kiganjani. Ilikuwa ndogo kuliko kiberiti. Akaigeuza upande huu na upande huu, akamrudishia, akaenda zake kuosha sufuria la msibani, na wale waliokuwa karibu walisema aliliosha kwa kulisugua sana.

Asubuhi betri ilipokuwa imerudishwa na lori limepandishwa tena juu ya mteremko, hakuna aliyetangaza, na watu walikuja kama kawaida. Walikuja kwa zamu ya Tusekile, wamejifunga vitenge kiunoni, Mzee Mwakalinga amesimama tayari kwenye jiwe. Ambakisye akazungusha funguo. Lori likawaka. Na nyuma ya kiti, friji nalo likaanza kuvuma pole pole, likiwa limelala usiku kucha kama mtu mwenye adabu. Watu walibaki wamenyoosha mikono, hawajui pa kuiweka. Wengine walicheka. Tusekile alijifuta viganja kwenye kitenge ingawa vilikuwa vikavu. Mzee Mwakalinga alilitazama jiwe lake, akamtazama Subilaga.

"Sasa mama, na chai ndiyo basi?"

Subilaga alikuwa ameshapika chai. Hakujua kwa nini aliipika, alijikuta tu amewasha moto. Akawamiminia, wakanywa wamesimama kwenye ule mteremko, na ilikuwa mara ya kwanza kuwaona wakinywa bila kuhema. Ambakisye alizunguka akiwashukuru, kwa majina, kama siku zote. Alipofika kwa Gwakisa alishindwa kulitamka jina. Gwakisa alimshika mkono, akaukaza, akauachia. Hata hapo, Subilaga aliona, mwenye jeraha ndiye aliyekuwa akimsaidia aliyejeruhi. Akageuza uso.

Basi wewe unayesikia, ambaye kila asubuhi nyumba yako, kama lori lile, inawaka kwa mabega ya watu, na wewe ni mwungwana, unawashukuru wote mmoja mmoja kwa jina: ni lini utainama uutazame waya?

Bupe alijifungua baada ya msimu wa mvua kwisha, mtoto wa kike. Siku ya uchungu alipelekwa kituoni kwa lori, likiwa limewaka kwa funguo, na jiwe la Mzee Mwakalinga bado liko pale juu ya mteremko; michongoma imeanza kuota tena pembeni yake.